Kijiji cha Ukingoni na Watu Wake Wasioshika Silaha

Kijiji cha Ukingoni kina nyumba 11, kisima kimoja, mtepe uliokwama mchangani na watu 34, na chote huingia katika masanduku saba ya viatu yaliyopangwa chini ya kitanda changu hapa Umoja, Nairobi. Jumamosi jioni mpwa wangu anapokuja, tunaondoa vikombe mezani, tunatandika kitambaa cha rangi ya mchanga chenye sentimita 90 kila upande, tunapanga nyumba moja baada ya nyingine, na kwa muda wa saa mbili au tatu kijiji hicho kinapiganiwa kwa dadu, rula na vijisanamu vyenye kimo cha milimita 28. Nimekijenga kwa miaka mitatu. Ninataka kueleza nilivyokijenga, na hasa kwa nini zaidi ya nusu ya watu wake hawana silaha mkononi, maana hilo ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, unachezwa hivi. Wachezaji wawili hupanga vikosi vyao juu ya meza iliyowekwa mandhari ya kutengenezwa, kisha kwa zamu kila mmoja husogeza vijisanamu vyake kwa kipimo cha rula, aghalabu inchi 6, yaani sentimita 15 hivi, huangalia kama mpiga mshale anamwona adui au amezuiwa na ukuta, na hurusha dadu kuamua kilichotokea. Asili yake ni ya kijeshi. Huko Prusia, mzee Reisswitz alimwonyesha mfalme wake meza ya vita yenye vigae vya mandhari vinavyopangika mwaka 1812, na mwanawe, aliyekuwa afisa wa mizinga, akachapisha kanuni zake mwaka 1824. Mwaka 1913 Mwingereza H. G. Wells akachapisha kanuni za kuchezea askari wa madini ya risasi sakafuni, na tangu miaka ya 1970 wachezaji wa Marekani na Uingereza wakaingiza mazimwi, wachawi na miji isiyokuwapo duniani. Katika kanuni nyingi nilizozisoma mimi, nyumba ni kizuizi cha kujifichia, ina alama zake za kumkinga askari na mshale, lakini mwenye nyumba hatajwi.

Mimi nami nilianza hivyo hivyo. Kitu cha kwanza nilichokijenga kilikuwa ngome ya katoni, yenye kuta nne, minara miwili na lango linalofunguka, nikaipaka rangi ya kijivu na kujivunia kwa wiki nzima. Tulipigana ndani yake mara tatu, na mara ya tatu mpwa wangu akaniuliza, dadu zikiwa bado mkononi mwake, "Mjomba, hawa wanapigania nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Siku chache baadaye akaja kunitembelea shangazi yangu, aliyezaliwa Lamu na ambaye amekaa Majengo, Pumwani, tangu kabla sijazaliwa. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, na macho yake yakaenda moja kwa moja mezani. Aliitazama ngome ile kwa utulivu, kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukinunua.

"Mji mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini hauna baraza. Watu wake wanaketi wapi jioni?"

Nikamweleza kwamba ni ngome ya vita, shangazi, hawaketi.

"Na maji wanateka wapi?"

Jioni ile ile niliibomoa ngome, nikaweka kando vipande vilivyofaa, na nikaanza upya kwa maswali yake mawili. Tangu hapo sijaweka nyumba yoyote mezani bila kujua kwanza mwenyeji wake anakunywa maji ya wapi na anaketi wapi jua likishuka.

Ukingoni ni kijiji cha kubuni, na habari yake ni hii: hapo zamani kilikuwa bandari, kisha usiku mmoja bahari ikaondoka. Haikupwa, iliondoka kabisa, ikaacha mchanga mpaka upeo wa macho, na mitepe ya wenyeji ikabaki imelala ubavu. Mtepe, kwa asiyeujua, ni chombo cha kale cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na ambacho kilitoweka katika bahari ya Lamu mapema katika karne ya 20. Watu wa Ukingoni walikata kamba, wakazitenganisha mbao na kuezekea nyumba zao. Maji yaliyobaki ni ya kisima kimoja. Na kwa kuwa bahari imeondoka, vilivyokuwa vikikaa baharini navyo havina pa kukaa. Chunusi, ambaye kazi yake tangu asili ni kuwavuta watu majini, sasa amebakiwa na maji ya kisima tu. Ninaposema kijiji kinapiganiwa, basi, ninamaanisha kisima hicho: wavamizi wa jangwani wanakitaka, chunusi anakitaka, na wenyeji hawawezi kuishi siku mbili bila hicho.

Wazo la kisima halikutoka kichwani mwangu peke yangu. Kila aliyekulia karibu na mtu wa pwani ameisikia habari ya Fumo Liyongo, shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa kifaa cha shaba kitakachomchoma kitovuni, na jinsi mwanawe alivyorubuniwa akamchoma usingizini. Liyongo aliamka na jeraha lake, akachukua uta wake, akatoka mpaka kisimani, akapiga goti, akapachika mshale, akafa katika hali hiyo hiyo. Watu waliokuja kuteka maji walimwona pale amelenga, wakakimbia. Mji mzima ukakaa na kiu kwa sababu ya mtu aliyekwisha kufa, mpaka mwili wake ulipoanguka. Shangazi alinisimulia habari hiyo nikiwa na miaka sita au saba katika ujia wa nyumba yetu ya Majengo, na kilichoniogopesha hakikuwa kifo cha shujaa. Niliwafikiria wale wanawake wenye mitungi, wamesimama mbali wakiangalia maji wasiyoweza kuyafikia. Mchezaji anayetafuta mahali pa kupigania hawezi kupata pazuri kuliko hapo, na hawezi kupaelewa asipowaweka wale wanawake mezani.

Kisima chenyewe kilinichukua wiki sita. Ukuta wake ni kipande cha bomba la karatasi linalobaki ndani ya karatasi ya chooni, lenye upana wa milimita 40 na kitu, nililolikata kwa kimo cha milimita 18. Kipimo hicho kina maana yake. Kijisanamu cha milimita 28 kinamwakilisha mtu mzima katika uwiano wa 1 kwa 56 hivi, kwa hiyo mita moja ya dunia yetu inakuwa milimita 18 mezani, na ukingo wa kisima wenye kimo cha mita moja humfikia mtu kiunoni. Mawe yake ni trei ya mayai. Ninaichana kwa vidole vipande visivyolingana, kila kimoja kidogo kuliko punje ya hindi, ninakibandika kwa gundi nyeupe ya mbao, kisha ninakigonga taratibu kwa ncha ya kijiti cha meno. Karatasi ile ya trei ina vitundu na mikwaruzo yake yenyewe, na ikishapakwa rangi ya chokaa iliyofifia, halafu maji ya rangi ya kahawia yakaachwa yaingie kwenye vitundu, hutasema kwamba si matumbawe. Nilibandika vipande zaidi ya 200. Kwenye ukingo, upande wa mashariki, nilikwangua mifuo mitatu kwa wembe, kwa kuwa kamba ya ndoo ikipita mahali pamoja kwa miaka 100 hula jiwe. Mifuo hiyo haionekani ukiwa umesimama. Mpwa wangu aliiona alipoinama kupima mshale, akaniuliza ni nini, nikamwambia, naye akakaa kimya kidogo kabla ya kurusha dadu.

Maji ya ndani niliyatengeneza kwa vanishi angavu iliyomwagwa tabaka kwa tabaka, na hapo ndipo nilipopatwa na mkosi. Ilikuwa Julai, na Nairobi ya Julai, mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ina baridi na mawingu ya kutosha kuizuia vanishi isikauke kwa siku nyingi. Sikungoja. Niliongeza tabaka la tatu juu ya la pili lililokuwa bado bichi, yakafungiana, na maji yangu yakawa meupe kama uji. Nilitoboa chini, nikayatoa yote kwa msumari na kuanza tena Septemba. Siku hizi ninapiga vanishi kipindi cha jua tu, na kila tabaka ninalipa siku mbili.

Nyumba zilinifundisha zaidi kuliko kitu kingine. Nilizipima kwanza kwa macho, kama wanavyopima wengi, vyumba vipana vya mraba, na zilikuwa na sura ya nyumba za mahali pengine popote. Kisha nikakumbuka jambo ambalo kila fundi wa Lamu analijua: upana wa chumba cha nyumba ya mawe ya Kiswahili unaamuliwa na boriti. Boriti ni mti wa mikoko, na urefu wake unaoweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa hauzidi mita 3 au pungufu kidogo. Kwa hiyo vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka barazani mpaka ndani kabisa. Katika uwiano wangu, mita 2.8 zinakuwa milimita 50. Nilikata sakafu za upana huo, na mara nyumba zikapata sura. Mchezo nao ukabadilika bila mimi kutunga kanuni yoyote mpya, kwa sababu kijisanamu kimesimama juu ya kitako cha milimita 25, na chumba cha milimita 50 kinaruhusu wapiganaji wawili tu kusimama bega kwa bega. Wavamizi watano wakiingia, watatu wanasubiri nyuma. Mkongwe mmoja mwenye mchi mlangoni anaweza kumchelewesha mtu mwenye upanga kwa zamu mbili. Mti wa mikoko ndio uliotunga kanuni hiyo.

Dari zinatoka, ili mkono uingie. Boriti ni vijiti vya mishikaki vilivyopakwa rangi nyekundu iliyoiva, ncha zake zikiwa zimetokeza kidogo nje ya ukuta. Kuta ni lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni na friji, ambalo nalipata bure kwa wauza vyombo vya umeme mjini, na ninalikata kwa kisu cha karatasi chenye makali mapya. Jambo moja nalisema kwa mkazo kwa yeyote anayetaka kuanza: usiipulizie nyumba ya povu rangi ya mkebe kabla ya kuiziba. Nyumba yangu ya kwanza ya Ukingoni, yenye zidaka sita ukutani nilizozichonga moja moja, niliipulizia andakoti kwenye roshani asubuhi moja, nikaona kuta zinadidimia na kufanya mashimo mbele ya macho yangu, kwa kuwa vimiminika vilivyomo katika rangi hiyo huiyeyusha plastiki ya povu kama maji yanavyoyeyusha sukari. Dawa yake ni kuipaka nyumba nzima gundi ya mbao iliyochanganywa na rangi ya maji, mara mbili, ukihakikisha hakuna hata tundu la sindano lililobaki wazi.

Upande wa magharibi wa kijiji una nyumba nne za udongo, na hizo nimezitoa Majengo. Nyumba za Majengo, zile za tangu miaka ya 1920, zilijengwa kwa fito na udongo, na ndani zina ujia mmoja katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Nimelala katika chumba cha tatu kushoto utoto wangu wote, na najua jinsi sauti inavyosafiri katika ujia ule. Mezani, ujia huo ni njia ya mshale: anayesimama mlango wa mbele anamwona aliyesimama uani, na hamwoni hata mmoja wa waliomo vyumbani. Makuti ya paa ni kamba ya mkonge iliyofumuliwa, ikakatwa vipande vya sentimita 2 na kubandikwa safu kwa safu kuanzia chini, kila safu ikifunika mizizi ya ile ya chini yake, kama vile makuti yenyewe yanavyoezekwa. Kamba naichukua Kariakor, vipande vya mabati navipata kwa mafundi wa Kamukunji wanaotupa mabaki yao chini, na udongo wa njiani ni majani ya chai. Chai yetu ya Kenya, ile ya chembechembe inayosagwa viwandani, ikishachemshwa na kukaushwa inafanana na kokoto na vumbi kuliko unga wowote nilioujaribu. Lazima ikauke kabisa, iokwe hata kwenye sufuria kavu, la sivyo huota ukungu. Nami nilifungua sanduku moja la viatu baada ya mvua za Aprili nikakuta barabara nzima ya kisimani imeota manyoya meupe.

Sasa watu.

Wapiganaji ni rahisi kupatikana. Gikomba, penye marundo ya vitu vya watoto vilivyokwisha kutumika ng'ambo, mtu mwenye subira anaweza kuokota askari wa plastiki, wapanda farasi na hata mazimwi kamili. Mtu anayetwanga hauzwi popote. Mwanamke aliyebeba mtungi, mzee aliyeketi na bao mapajani, mtoto anayemvuta mbuzi asiyetaka kwenda, hao ilinibidi niwatengeneze mwenyewe. Mifupa yao ni waya mwembamba wa shaba uliotolewa ndani ya nyaya za umeme, unaokunjwa kwanza katika mkao wa kazi, na nyama yao ni ile gundi ya sehemu mbili inayokandwa kama unga, ambayo mafundi wa bomba huitumia kuziba mivujo. Nimegundua kwamba mkao ndio mtu. Anayetwanga uzito wake uko kwenye vidole vya miguu, mgongo umejikunja kidogo, kichwa kimeinama upande wa mchi. Ukikosea hapo, hata ukichora uso wa ajabu, utapata mtu aliyeshika kijiti. Nilikaa Jumapili nzima uani kwa shangazi nikiwaangalia wanawake wanavyoinuka na ndoo kichwani, hasa ile nukta ambapo mkono mmoja unaiacha ndoo na shingo inaupokea uzito. Kitako cha kila mmoja ni kifuniko cha soda kilichonyooshwa kingo.

Halafu ikaja rangi ya ngozi, na hapa nataka kukaa kidogo. Maelekezo mengi ya kupaka vijisanamu yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na niliyafuata kwa kubadilisha rangi ya kwanza tu: kahawia badala ya waridi, kisha nyeusi kwenye vivuli na nyeupe kidogo kwenye sehemu zinazopigwa na mwanga. Watu wangu 12 wa kwanza walitoka wamepauka, kama waliotoka kusaga mahindi. Waliniumiza moyo, maana nilitaka wafanane na watu wa nyumbani. Sababu yake niliielewa baada ya kuutazama mkono wangu mwenyewe chini ya taa kwa muda mrefu. Nyeupe ikiingia ndani ya kahawia huiua joto lake na kuigeuza majivu, na nyeusi huizima. Ngozi yetu kivulini huelekea zambarau au buluu iliyokolea, au wekundu wa damu ya mzee kwa wengine, na panapopigwa na jua huelekea rangi ya machungwa na asali, halafu juu kabisa, kwenye kipaji, mfupa wa shavu na bega, kuna mng'ao mdogo. Sasa ninaanza na kahawia ya kahawa iliyokaangwa yenye tone la buluu, napandisha kwa udongo mwekundu, kisha kwa haradali, na mwisho naweka nukta ya vanishi ya kung'aa mahali patatu tu. Hakuna watu wawili wa Ukingoni wenye rangi moja, kama ambavyo hakuna wawili katika familia yetu. Wale 12 nilikwangua rangi yao yote nikawapaka upya, na nilipomaliza niliwapanga dirishani na kuwaangalia mpaka giza likaingia.

Kanga nazo zina hesabu yake. Kanga ya kweli ina sentimita 150 kwa 110 hivi, kwa hiyo mezani ni milimita 27 kwa 20, na humo inabidi uonekane upindo wa pande zote nne, mji wa katikati, na jina. Jina haliwezi kuandikwa kwa kipimo hicho. Ninaweka mstari wa nukta nyeusi mahali pake, lakini kila kanga nimeichagulia jina lake na kuliandika kwa penseli chini ya kitako. Mke wa mvuvi, ambaye tangu bahari iondoke mumewe anaketi barazani akitengeneza nyavu zisizo na pa kutupwa, amevaa "Usisafirie nyota ya mwenzio."

Jambo moja nililikataa. Kijiji kinahitaji makaburi, na kwa siku kadhaa nilifikiria kuweka vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao wa chama cha Gohu waliofariki. Zina umbo la kupendeza sana. Lakini kigango ni mtu, ni mzee wa familia fulani, na vingi viliibwa vikauzwa kwa wakusanyaji na majumba ya makumbusho ya ng'ambo, vichache vikarudishwa Kenya baada ya miaka mingi. Sikuona sawa kukitengeneza kidogo na kukiweka mahali ambapo dadu itakiangusha. Watu wa Ukingoni huwasimamishia wafu wao mbavu za mitepe, ubavu mmoja kwa kila mtu, umechomekwa mchangani ukielekea ilikokuwa bahari. Hizo ni zangu na haziumi mtu.

Wenyeji wasio na silaha wangebaki mapambo kama wasingekuwa na kanuni zao, kwa hiyo niliwatungia. Kila mwenyeji ana kazi, ana nyumba, na ana mtu wake mmoja, mama, mwana, mke au jirani. Mwisho wa kila zamu tunamrushia dadu moja kila mwenyeji anayeona silaha. Ikitoka 1 au 2 anaendelea na kazi yake kama hajaona. 3 au 4 anakimbilia nyumbani kwake kwa njia fupi. 5 au 6 anakwenda kwa mtu wake, popote alipo, hata kama njia inapita katikati ya mapanga. Hakuna mchezaji anayewaamuru. Na alama za ushindi hazihesabiwi kwa waliouawa. Zinahesabiwa kwa ndoo za maji zilizofika milangoni kabla ya zamu ya 8, na kila mwenyeji aliyedhurika anawapunguzia alama wote wawili, mvamizi na mlinzi.

Katika mchezo wa kwanza wa kanuni hizo, mpwa wangu alikuwa na walinzi sita, naye kwa mazoea aliwapanga wote kando ya kisima, migongo ikiwa ukutani. Zamu ya tatu yule mtwangaji alipata 6, na mtu wake, yule mtoto anayemvuta mbuzi, alikuwa upande wa pili wa uwanja. Akaanza kuvuka. Mpwa wangu alishika rula hewani akapima, akapima tena, kisha akamtoa mpiga mkuki wake bora mahali pazuri kuliko pote mezani na kumpeleka atembee kando ya mwanamke yule, hatua kwa hatua, zamu mbili nzima, wakati wapiga mishale wangu wakisogea upande ulioachwa wazi. Alipoteza ndoo nne kwa ajili hiyo. Sikumshauri neno. Tulipokuwa tukifunga masanduku alisema angefanya vile vile tena, ila angeanza kuwahesabu watu wa mezani kabla ya kuwapanga walinzi.

Chunusi tumemwingiza baadaye, na kumtengeneza kulinipa shida kwa kuwa hakuna anayekubaliana na mwenzake juu ya sura yake. Mwishowe nilimfanya kwa gundi ya moto iliyovutwa nyuzi nyuzi ikiwa bado laini, angavu kama maji yaliyoinuka yakasimama, pasipo uso, na mkono mmoja mrefu tu. Hapigani na askari. Hukaa kisimani, na mwenyeji anayefika kuteka peke yake, bila mwenzake ndani ya inchi 3, hurushiwa dadu ya kuvutwa. Kwa sababu hiyo wenyeji hukwenda wawili wawili, na ndoo huenda polepole zaidi. Kinyamkera, pepo wa kisulisuli, ni pamba iliyosokotwa juu ya waya na kunyunyiziwa vumbi, na kila anapopita hugeuza pande za watu wote aliowagusa. Zimwi nimelinunua Gikomba, na bado sijampatia mahali pake katika kijiji hiki. Huenda asiwe napo.

Shangazi alikuja tena mwezi uliopita. Sasa kila nyumba ina baraza yake, milimita 8 kutoka ardhini, na katika baraza ya nyumba kubwa kuna wazee wawili wanaocheza bao, kete zao zikiwa mbegu za mchicha. Aliinama mpaka miwani ikamshuka puani, akapita kichochoro kwa kichochoro kwa ncha ya kidole, akanionyesha kwamba mlango wa nyumba ya tatu unatazamana na mlango wa nyumba ya nne, na kwamba watu wenye haya hawajengi hivyo, mwanangu. Ni kweli. Nitaigeuza. Kisha akauliza punda yuko wapi.

Punda nimemtengeneza wiki mbili hizi, na masikio yake yamevunjika mara tatu. Ana shogi mbili, yaani vikapu vya mzigo, zilizojaa mawe ubavuni, upana wake wote ni milimita 31. Vichochoro vya Lamu vina upana wa kumpitisha punda na mzigo wake na si zaidi sana, lakini mimi vyangu nilivipanua mpaka sentimita 6 kwa sababu vidole vyangu vilikuwa havipiti, na tangu wakati huo kijiji kimekuwa na uwazi usio wake. Nimeamua kutumia kibanio cha kung'olea nyusi kusogezea watu, nizirudishe nyumba karibu karibu. Kwa hiyo kila jioni ninazisogeza kidogo, ninampitisha punda kutoka mtepe ulikolala mpaka kisimani, namgeuza penye kona, namrudisha. Anapopita bila kukwaruza ukuta wowote ndipo ninapochora mstari wa penseli kuzunguka nyumba. Vichochoro vitatu viko tayari. Katika cha nne, shogi ya kushoto bado inagusa baraza ya wacheza bao.